Mnyama wa Serikali, Shamba la Raia

Katika nchi nyingi za bara, kabla Wadachi hawajatia mguu wao Bagamoyo, tembo aliyeuawa hakuwa mali ya mwindaji peke yake. Lile jino lililolalia ardhi pale mnyama alipoanguka lilikuwa haki ya mtemi au jumbe mwenye nchi, na lile la juu ndilo lililokuwa la aliyempiga. Nyama ikagawanywa kwa utaratibu uliojulikana na wakubwa kwa wadogo, na mwindaji aliyelificha jino la chini alihesabiwa mwizi sawasawa na aliyeingia zizi la mwenzake usiku. Hiyo ndiyo sheria kongwe ya wanyamapori tunayoweza kuitaja katika nchi hizi, na ingawa haikuandikwa katika karatasi yoyote, ilijibu bila kusita swali ambalo sheria zote zilizokuja baada yake zimekuwa zikilizunguka, nalo ni hili: mnyama wa porini ni wa nani?

Wala tusiisifu kupita kiasi sheria hiyo ya kale, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa siku hizi ambao kwao kila jambo la mababu lilikuwa hekima tupu. Iligawanya nyara, lakini haikuhesabu waliobaki. Katika karne ya kumi na tisa, wakati Unguja ilipokuwa soko kuu la pembe katika Afrika ya Mashariki nzima, misafara ilikwenda kila kizazi mbali kuliko kizazi kilichotangulia, mpaka ikafika Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na sababu yake haikuwa kupenda safari bali ni kuwa tembo wa karibu walikuwa wamekwisha. Watemi walipata jino lao la chini, wafanyabiashara wa pwani wakapata faida yao, wapagazi wakapata mabega yaliyochubuka, na tembo hakupata mtetezi.

Mtetezi wa kwanza mwenye kalamu na muhuri alikuwa Hermann von Wissmann, gavana wa Wadachi, ambaye mwaka 1896 alitoa amri ya kuwahifadhi wanyama katika koloni lake, akaweka leseni za kuwinda, na akatenga sehemu mbili zisiwindwe bila idhini yake, moja upande wa Rufiji na ya pili magharibi ya Kilimanjaro. Miaka minne baadaye, mwezi wa Mei 1900, wajumbe wa madola ya Ulaya yaliyokuwa na makoloni Afrika walikutana London wakatia saini mkataba wa kuhifadhi wanyama, ndege na samaki wa bara hili, ambalo mwenyeji wake hata mmoja hakuitwa kutoa rai. Mkataba ule haukupata nguvu ya sheria, kwa kuwa wengi wa waliotia saini hawakuuthibitisha, lakini roho yake iliingia katika kanuni za koloni moja baada ya jingine, na kwa hiyo yafaa tuitazame orodha yake kwa karibu.

Waliolindwa kabisa ni wa namna mbili: wale waliohesabiwa kuwa na manufaa, ambao miongoni mwao walikuwamo tumbusi na bundi, na wale waliohesabiwa kuwa adimu, kama vile twiga na sokwe. Kisha ikaja orodha ya wanyama wa kupunguzwa kwa kadiri iwezekanavyo, na humo wakaandikwa simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, mamba na chatu, na ikaamriwa kwamba mayai ya mamba, ya chatu na ya nyoka wenye sumu yavunjwe. Msomaji wa pwani, aliyelelewa kumchukia bundi akilia juu ya paa, atastaajabu kuona kwamba katika karatasi ile ndege huyo alikuwa na kinga ambayo simba hakuwa nayo. Na mtalii wa leo, anayelipa mamia ya dola ili amwone simba na mbwa mwitu, atastaajabu zaidi. Lakini jambo zito halikuwa katika orodha bali katika vifaa. Mkataba ulitaka nyavu na mashimo ya kunasia wanyama yazuiliwe, yaani zana za mwenyeji, na bunduki iliyolipiwa leseni ikabaki halali, yaani zana ya mgeni. Hapo ndipo alipozaliwa yule tunayemwita jangili: mtu aliyekuwa akifanya Jumatatu jambo lile lile alilolifanya Jumapili, isipokuwa katikati ya siku hizo mbili sheria ilikuwa imepita.

Waingereza walipoichukua Tanganyika walitengeneza sheria yao mwaka 1921, na mwaka uliofuata pori la kusini ya Rufiji likapewa jina la Frederick Courteney Selous, mwindaji mashuhuri wa tembo aliyeuawa vitani Beho Beho mwezi wa Januari 1917. Wenyeji hawakulitumia sana jina hilo. Wao waliliita Shamba la Bibi, na husimuliwa mpaka leo kwamba Kaiser wa Wadachi alimtunukia mkewe pori lile liwe zawadi. Kisa hicho sikitii katika hesabu ya taarikh, lakini nakitia katika hesabu ya rai za raia, kwa kuwa mtu haliiti pori aliloliwinda babu yake shamba la bibi wa mtu mwingine ila awe amekwisha kufahamu kwamba limetoka mikononi mwake. Vita vya Majimaji na njaa iliyovifuata vilikuwa vimekwisha kupunguza watu katika nchi ile na kuliacha pori lisonge mbele; na katika miaka ya 1940, kwa hoja ya kupigana na malale, watu wa upande wa Liwale walihamishwa wakakusanywa pamoja, na nchi waliyoiacha ikaongezwa katika pori la akiba. Kwa hivyo mipaka ambayo kwenye ramani yaonekana kama imechorwa kwa ajili ya tembo, mahali pengi ilichorwa kwanza na vita, njaa na maradhi.

Kaskazini mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Serengeti ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, Wamasai wakiwa ndani yake na ng'ombe wao, na baada ya ugomvi wa miaka kadhaa ikakatwa vipande viwili mwaka 1959: Serengeti iliyobaki ikawa ya wanyama peke yao, na Ngorongoro ikawekewa sheria yake ya pekee, ambayo ndani yake mfugaji na mnyama wangeishi pamoja chini ya mamlaka moja. Ahadi ya Ngorongoro imeishi muda mrefu kuliko wengi walivyodhani, lakini idadi ya watu na ya mifugo imeongezeka, na tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikizihamishia Msomera, katika Wilaya ya Handeni, kaya inazosema zimekubali kwa hiari, nao wapinzani wa jambo hilo wakisema kwamba hiari ya mtu aliyepunguziwa huduma ni hiari ya mashaka. Mimi naona kwamba kadhia hiyo haitamalizwa na sensa ya ng'ombe, maana mzizi wake ni ahadi, na ahadi ina pande mbili.

Mwezi wa Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, Julius Nyerere alitoa tamko mbele ya mkutano uliofanyika Arusha, akakubali kwa niaba ya taifa litakalozaliwa dhamana ya kuwalinda wanyamapori kwa ajili ya wajukuu wa watu wake, na akawaambia wageni waziwazi kwamba kazi hiyo yahitaji fedha na wataalamu ambao nchi haina. Chuo cha Mweka, chini ya Kilimanjaro, kilifunguliwa mwaka 1963 kuwafunza Waafrika kazi hiyo. Hayo yalikuwa mageuzi ya kweli, na anayeyadharau hajui jinsi nchi nyingine zilivyoacha mapori yao yaliwe mara tu bendera ya mkoloni iliposhuka. Walakini katika sheria yenyewe ile ibara moja ya msingi ilibaki mahali pake. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na ile ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake, hazikumrudisha mnyama kwa jumbe wala kwa kijiji; sheria ya 2009 yasema kwamba wanyama wote wa Tanzania ni mali ya umma iliyo mikononi mwa Rais, naye ni mdhamini kwa niaba ya wananchi. Pembe, ngozi, kwato na nyama, zikipatikana bila kibali, huitwa nyara za Serikali.

Ibara hiyo hufanyaje kazi? Tumwangalie mtu mmoja wa mfano, aliyekamatwa kando ya hifadhi akiwa na mguu wa nyumbu ndani ya kiroba. Afisa wanyamapori huitwa kufanya tathmini, na tathmini haifuati uzito wa mguu, bali thamani ya nyumbu mzima, kwa hoja ambayo kwa kweli haina jibu, kwamba hakuna awezaye kuua mguu wa nyumbu na kumwacha nyumbu mwenyewe akila majani. Thamani hiyo imewekwa kwa dola za Kimarekani, 650 kwa nyumbu mmoja, kisha hugeuzwa kuwa shilingi kwa bei ya dola ya siku ile, na kwa kuwa hupita shilingi 1,000,000, kosa hutoka katika daraja dogo likaingia katika daraja kubwa, ambalo kifungo chake hakipungui miaka 20 wala hakizidi 30. Shauri lenyewe huendeshwa kwa mujibu wa sheria ya uhujumu uchumi, iliyotungwa mwaka 1984. Nami sisemi kwamba mwindaji wa kitoweo hana kosa, wala sisahau kwamba wanaofanya biashara ya nyamapori mara nyingi hujificha nyuma ya neno kitoweo. Nasema tu kwamba mtu yule amepimwa kwa mizani iliyotengenezewa mwenye shehena ya pembe.

Nyama huoza, na hapo ndipo insafu ya mahakama hujaribiwa. Polisi hawawezi kuitunza hadi siku ya kusikilizwa kwa shauri, kwa hiyo huomba amri ya hakimu iteketezwe, na orodha iliyotiwa saini huwa ushahidi badala ya nyama yenyewe. Mahakama ya Rufani imekwisha kufuta hatia za watu kadhaa kwa sababu amri hiyo ilitolewa mshtakiwa akiwa hayupo mbele ya hakimu, au yupo lakini hakuulizwa kama ana la kusema. Wako askari wa wanyamapori wanaonung'unika kwamba majaji hawajui taabu ya kulala porini siku tatu kumvizia mtu ambaye kisha huachiwa kwa ajili ya karatasi. Manung'uniko yao yana haki yake. Lakini sheria inayoweza kumfunga mtu miaka 20 kwa sababu ya mguu wa nyumbu lazima iwe tayari kushindwa kwa sababu ya karatasi.

Kwa upande wa tembo, hadithi ni nzito zaidi. Katika miaka ya 1980 waliuawa kwa wingi hata Serikali ikaingiza jeshi na polisi katika Operesheni Uhai mwaka 1989, mwaka ule ule ambao Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopigania biashara ya pembe ipigwe marufuku duniani, na ambao Rais Daniel arap Moi wa Kenya alitia moto tani 12 za pembe katika Hifadhi ya Nairobi. Tembo wakaanza kuongezeka. Kisha soko la Asia likapanda bei, na hesabu ya mwaka 2009, iliyokuwa 109,051, ikashuka mpaka 43,330 mwaka 2014: zaidi ya nusu ya tembo wote wa nchi, katika miaka mitano, chini ya sheria mpya iliyokuwa kali kuliko zote zilizotangulia. Sheria haikukosa meno. Kilichokosekana ni uaminifu wa baadhi ya watu waliokabidhiwa bunduki, vibali na funguo za bandari, na pia nia ya jirani wa pori kusema alichokiona.

Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 ilikuja kutibu maradhi hayo kwa nguvu, na kwa muda mfupi tu ikawa maradhi mengine. Habari za watu kuteswa, nyumba kuchomwa na mifugo kuuawa zilifika Bungeni, operesheni ikasimamishwa, kamati ikachunguza, na mwezi wa Desemba mawaziri wanne wakapoteza nyadhifa zao kwa siku moja. Mtu aliyechomewa nyumba kwa jina la tembo hawezi kutarajiwa kupiga simu usiku kuwaambia askari kwamba amesikia mlio wa bunduki. Baada ya hapo Serikali ilibadili mbinu, ikawafuata zaidi wafadhili wa ujangili kuliko wabebaji, na hesabu za miaka ya karibuni zaonyesha kwamba tembo wanarudi.

Katikati ya misukosuko hiyo lilikuwako jaribio la utulivu zaidi. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilikiri kwamba kijiji kinachoishi na mnyama bila kupata faida yake hakina sababu ya kumpenda, na kanuni za mwaka 2002 zikafungua mlango wa jumuiya za hifadhi za wanyamapori: vijiji jirani vitenge sehemu ya ardhi yao, viwe na mpango wa matumizi bora ya ardhi, viunde jumuiya yenye katiba, viombe kwa Mkurugenzi wa Wanyamapori, na vikikubaliwa vipewe haki ya kuwatumia wanyama kwa utalii au kwa uwindaji wa kitalii. Idodi na Pawaga, kando ya Ruaha, waliunda MBOMIPA, jina ambalo kirefu chake ni Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Kaskazini zikaja Burunge, Ikona na Enduimet. Humo zimejengwa zahanati na madarasa, na vijana wa vijiji wamepata kazi ya askari. Lakini tuangalie walichopewa: haki ya kutumia, si ya kumiliki. Mnyama amebaki wa mdhamini wake, ada ya uwindaji hupita Serikalini kwanza, na kijiji hungoja mgao. Jumuiya inayongoja mgao wa mali iliyo katika ardhi yake yenyewe huwa haina tofauti kubwa na mpangaji aliyekaribishwa sebuleni kwake.

Kisha sheria ya 2009, ambayo kwa upande mmoja ilizitambua jumuiya hizo, kwa upande mwingine ilikataza kilimo na malisho katika mapori tengefu, ilhali chini ya sheria ya zamani pori tengefu lilikuwa mahali ambapo uwindaji tu ndio uliodhibitiwa, na watu walilima na kuchunga humo kama kawaida. Vijiji vizima, vyenye hati chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, vilijikuta viko ndani ya mstari ambao zamani haukuvidhuru. Ugomvi wa pori tengefu la Loliondo, kaskazini, uliofikia kilele mwezi wa Juni 2022 pale Serikali ilipoweka mawe ya mipaka kuzunguka kilomita za mraba 1,500, chimbuko lake la kisheria ni hapo. Mwenye kutunga sheria hubadili maana ya mstari kwa kalamu. Mwenye ng'ombe huijua maana mpya siku anapokutana na jiwe.

Sitazieleza kwa urefu sheria nyingine, ingawa ni nyingi na baadhi yake ni nzuri: ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994, iliyozaa Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka uliofuata, ya misitu ya 2002, na ile ya mazingira ya 2004, ambayo yataka athari za mradi mkubwa zichunguzwe kabla jembe halijagusa ardhi. Tanzania ilithibitisha Mkataba wa Bioanuwai mwaka 1996, na tangu hapo sera zimeacha kuzungumzia wanyama wakubwa peke yao, zikaanza kumkumbuka chura, nyuki na mti. Pia haifai kusahau kwamba sheria yaweza kutoka nje ya nchi ikazaa matunda ndani: mwaka 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, iliizuia Serikali kujenga barabara ya lami kukata kaskazini ya Serengeti, kwa kuwa ingezivunja ahadi ambazo nchi wanachama zilipeana.

Lakini raia wa kawaida haonani na mikataba. Yeye huonana na tembo saa nane ya usiku. Katika mabonde ya Rufiji na Kilombero, mpunga unapoanza kuiva, mkulima huhamia dungu lake, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya shamba, na hukaa humo wiki kwa wiki, ana debe la kupiga, kijinga cha moto na tochi yenye betri zinazokaribia kuisha; mke hulala dungu moja na mume jingine ikiwa shamba ni kubwa, na watoto huchelewa shule kwa kuwa mchana ni zamu yao ya kulinda ndege. Tembo akipita na shamba likaisha, kanuni za mwaka 2011 zimempa haki ya kuomba kifuta jasho. Huenda kwa mtendaji wa kijiji, taarifa ikaenda kwa afisa wa wilaya, afisa akaja kupima uharibifu, fomu ikapanda mpaka wizarani, na pesa zikashuka, kama zikishuka, msimu mwingine ukiwa umekwisha kulimwa. Kanuni zile ziliweka kikomo cha shilingi 100,000 kwa eka moja, na eka zisizozidi tano, tena hizo ni kwa shamba lililo mbali na mpaka. Aliyelima ndani ya mita 500 hakupewa kitu. Mtu akiuawa, jamaa zake hupewa kifuta machozi, ambacho katika kanuni hizo kilikuwa shilingi 1,000,000. Nyumbu aliyekufa, kwa dola zake 650, alihesabiwa kuwa na thamani zaidi.

Serikali haifichi kwamba hiyo si fidia. Fidia hulipwa na mwenye kosa, na mwenye mnyama hakubali kwamba mnyama wake ana kosa; kwa hiyo hutoa pole. Kenya ilishika njia nyingine. Nchi hiyo ilifunga uwindaji mwaka 1977, na kwa sheria yake ya mwaka 2013 ikaandika neno fidia bila kigugumizi, shilingi za Kenya 5,000,000 kwa roho ya mtu, ingawa madai yalirundikana kuliko mfuko ulivyoweza kulipa, na familia zikangoja miaka. Pole ndogo ya Tanzania na fidia kubwa ya Kenya hutofautiana sana kwa ukarimu, lakini zina aibu moja zinayoshirikiana: zote mbili humtambua jirani wa pori siku ya msiba wake tu. Miezi yote ambayo tembo wamepita mpakani bila kugusa mpunga, sheria haimjui.

Visiwani ndiko nilikokuta fikra tofauti, na si kwa bahati, maana mambo ya wanyamapori na misitu si mambo ya Muungano, na Zanzibar hujitungia sheria zake. Kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kilitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1998, na wavuvi wa dago waliokuwa wakipiga kambi huko walielezwa kanuni za Serikali dhidi ya baruti, utupa na kigumi, ambazo wengi wao hawakuzitilia maanani, kwa kuwa doria ilikuwa na boti chache na bahari ni pana. Mradi uliofuata ulipita msikitini. Maimamu na walimu wa madrasa walizungumza na wavuvi juu ya amana na mizani, juu ya mwanadamu kuwa khalifa katika ardhi asiyeruhusiwa kuifisidi, na juu ya hima, yale malisho yaliyohifadhiwa kwa maslahi ya wote tangu zama za Mtume. Kisiwa chenyewe kina kisa chake, kwamba Nabii Hidhri alisali hapo kwa kuwa kilikuwa kama msala, na wavuvi walikijua kisa hicho kabla ya kuijua Idara ya Uvuvi. Sidai kwamba baruti ilikoma siku hiyo, lakini mvuvi aliyemkwepa askari kwa miaka mingi alikuwa sasa ameambiwa kwamba dhamana ni yake yeye mwenyewe, wala si ya mtu wa mbali aliyeshikilia mali kwa niaba yake.

Unguja, katika msitu wa Jozani, uliopandishwa daraja ukawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka mwaka 2004, yuko kima punju, ambaye duniani kote hapatikani kwa asili isipokuwa katika visiwa hivi. Wakulima wa kusini ya msitu walikuwa wakimlaani kwa miaka mingi kwa kula vidaka vya minazi yao, na walikuwa na haki ya kulaani, kwa kuwa walimwona kwa macho yao akivila. Katika miaka ya 1990 wanasayansi wawili walikwenda kuhesabu, mnazi kwa mnazi, wakakuta kwamba pale kima walipokula vidaka vingi, nazi zilizovunwa hazikupungua bali zilielekea kuongezeka, yamkini kwa sababu mnazi huangusha wenyewe sehemu kubwa ya vidaka vyake na kima hufanya kazi ya kuvipunguza. Wakulima hawakushawishika mara moja, nami nisingeshawishika. Ni taabu kumwamini mgeni mwenye daftari dhidi ya kima mwenye kidaka mkononi.

Kilichowashawishi ni mpango mwingine. Kima wale hawakai msituni tu. Hupenda kushuka mashambani, nje ya mpaka wa hifadhi, na huko ndiko watalii huwapiga picha kwa urahisi. Wenye mashamba waliunda umoja wao, UWEMAJO, na sehemu ya viingilio vya watalii ikawa yao kwa sababu kima wako katika mashamba yao, si kwa sababu wameharibu kitu. Hapaji afisa kupima hasara, wala haihitajiki fomu ya kuthibitisha msiba. Serikali ingali mwenye sheria, na kima angali amelindwa kwa sheria ya misitu ya mwaka 1996, lakini malipo yamefungwa na uhai wa mnyama. Barabarani, mbele ya lango, yamewekwa matuta ya kupunguza mwendo, kwa kuwa magari yalikuwa yakiua kima wengi. Na siku hizi mwenye shamba ana sababu ya fedha ya kukasirika anapoona dereva akiyaruka matuta hayo kwa kasi.